Kirusi cha Almaty: ni kama Kiswahili cha Dar au ni kama Kiingereza cha Nairobi?

#1 Binti Usambara

Wakuu, salaam.

Nimerudi wiki iliyopita kutoka Almaty, Kazakhstan. Nimekaa muhula mmoja, Septemba hadi Desemba, najifunza Kirusi. Chuo ninachosoma huku Ulaya zamani kilikuwa kinapeleka wanafunzi wa Kirusi St. Petersburg. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 njia hiyo ikafungwa, sasa tunapelekwa Almaty.

Swali langu si la viza wala nauli. Nilipangiwa kukaa na familia ya Kikazakh: bibi, ambaye sote tulimwita apa, binti yake na mkwewe, na wajukuu wawili. Apa anawasemesha wajukuu Kikazakh, wajukuu wanamjibu Kirusi. Mume na mke wakiwa peke yao jikoni ni Kirusi, wakinuniana ni Kirusi, lakini simu ya kijijini ikiita ni Kikazakh kitupu. Mlango wa pili anakaa Mkorea, chini yetu Mwuighuri, na kiduka cha nje ni cha mama wa Kirusi. Wote hao wakikutana ngazini lugha ni moja, na ukimtoa mwenye duka hakuna ambaye babu zake walizaliwa nayo.

Mimi nikajisemea, hii si kama kwetu tu? Mimi Msambaa, jirani Mpare, fundi Mzigua, tunakutana kwenye Kiswahili. Nikamwambia hivyo mwanafunzi mmoja wa Kikazakh niliyekuwa nabadilishana naye lugha. Akakataa kabisa. Akasema Kiswahili chenu hakikuletwa na mtu aliyewatawala, ukitaka kufananisha, fananisha na Kiingereza. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mpaka naondoka hatukuelewana.

Naomba maoni yenu, hasa mliosoma nchi zile au mnaoishi na watu wa kule.

#2 Kichuguu

Uzi mzuri ila hauna picha hata moja, dada. Tuwekee milima basi. Na kumbe ulikuwa makao makuu ya nchi, ulimwona rais?

#3 Mzee wa Podfak

Kichuguu, makao makuu yalihama Almaty tangu 1997, yakaenda Akmola kaskazini, na mwaka uliofuata mji huo ukaitwa Astana. Mwaka 2019 ukabatizwa Nur-Sultan, 2022 ukarudi kuwa Astana. Almaty imebaki kuwa mji mkubwa wa biashara na vyuo.

Binti, umenirudisha mbali. Mimi nilifika Tashkent, Uzbekistan, mwaka 1983, wakati Uzbekistan, Kazakhstan na Urusi zote zilikuwa ndani ya dola moja ya Sovieti. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa podfak, yaani kitivo cha maandalizi: Kirusi asubuhi, Kirusi mchana, na mwalimu wetu hakujua lugha nyingine ya kutusaidia. Tulikuwa Watanzania, Waethiopia, Wavietnam, Waafghani, Wayemeni. Bweni zima ugomvi wa kugombea jiko ulikuwa kwa Kirusi, na hapo ndipo nilipokijulia, wala si darasani.

Sasa kwa swali lako. Wauzbeki niliosoma nao hawakukiona Kirusi kama mzigo, au kama walikiona hawakuniambia. Kwao kilikuwa lugha ya kitabu cha uhandisi na lugha ya jeshi. Kijana wa Kiuzbeki akipelekwa jeshini anawekwa na Mlatvia na Mjojia, watasemezana nini? Mimi nasema ni Kiswahili cha Dar. Na sisi tulijuana kwa Kiswahili zaidi kambini JKT kuliko shuleni.

#4 Mtu wa Kariokor

Mzee, shikamoo, lakini hapo nitakupinga kwa heshima.

Mimi niko Nairobi na hiyo familia ya Binti ni familia yangu. Shosho anaongea Kikuyu, watoto wangu wanamjibu Kiingereza, mimi na mama yao tunachanganya. Si kwa sababu Kiingereza ni daraja kati yangu na shosho. Shosho hata hakijui! Ni kwa sababu shule, kazi na sifa ziko huko. Mtoto akiongea Kikuyu darasani enzi zetu alivishwa kibao shingoni. Daraja huwa kati ya majirani wa makabila mawili. Ukiona lugha imeingia mpaka kati ya bibi na mjukuu wa damu moja, hilo si daraja tena.

Angalieni pia sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Katiba ya Kazakhstan ya 1995, kifungu cha 7 vilevile, iliandika kwamba lugha ya dola ni Kikazakh, na Kirusi kinatumika rasmi sawa nacho katika ofisi za umma. Yaani tumeandika kitu kilekile kwa herufi tofauti.

#5 Mama Nesi wa Dodoma

Samahani nauliza nje ya mada. Hii Almaty ndiyo Alma-Ata ya Azimio la Alma-Ata? Tulilikariri chuo cha uuguzi mpaka usingizini.

#6 Binti Usambara

Ndiyo hiyohiyo, mama. Alma-Ata ni jina la enzi za Sovieti. Mkutano wa huduma za msingi za afya ulifanyika pale Septemba 1978, nchi 134 zikatuma wajumbe, ndipo ikatoka ile "afya kwa wote ifikapo mwaka 2000". Nilimweleza apa kwamba jina la mji wake liko kwenye madaftari ya manesi wa Tanzania. Akaniomba nirudie mara mbili, kisha akampigia dada yake simu.

Kichuguu, picha sitaweka kwa sababu nyingi zina sura za wenyeji wangu, ila nitakuelezea. Mji umeegemea milima ya Alatau, kusini, yenye theluji hata Septemba. Mji wote umelala mteremko, kwa hiyo watu hawasemi kusini na kaskazini, wanasema juu na chini. "Shuka chini ya barabara ya Abay", "duka liko juu ya Tole Bi". Ukipotea tazama milima tu. Kando ya barabara kuna mifereji ya wazi inayoteremsha maji toka mlimani, inaitwa aryk, na kiangazi ndiyo inayonywesha miti. Katikati ya mji kuna kanisa kuu la mbao lililojengwa 1904 hadi 1907, likasimama wakati tetemeko la 1911 linaangusha mji.

Kwa Kariokor: hoja ya shosho imenichoma, maana apa Kirusi anakijua vizuri sana. Alikuwa mhasibu wa kiwanda. Anakijua, lakini hataki kukitumia kwa wajukuu. Yeye ameamua.

#7 Mchaga wa Juu

Huo mji ni Moshi! Sisi pia tunapanda juu na kushuka chini kwa kufuata mlima, na mifongo inateremsha maji mpaka migombani. Nimefurahi mno kusikia kuna watu wengine duniani ambao mlima ndio dira yao. Lugha siwezi kuchangia, naendelea kusoma.

#8 Msoma Ramani

Ndugu zangu mnajadili daraja bila kuuliza mto ulichimbwa na nani.

Mwaka 1930 hadi 1933 Wakazakh walikufa kwa njaa. Walikuwa wafugaji wa kuhamahama, serikali ya Sovieti ikawanyang'anya mifugo na kuwalazimisha kukaa mahali pamoja. Walikufa watu kama milioni 1.5, wengi wao Wakazakh, na wengine wakakimbilia China na kwingineko. Kisha nchi ikageuzwa mahali pa kupeleka waliohukumiwa kwa kabila: Wakorea kutoka Mashariki ya Mbali 1937, Wajerumani wa mto Volga 1941, Wachechen 1944. Halafu 1954 Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, akaleta vijana kwa malaki kulima nyika. Sensa ya 1959 Wakazakh ni asilimia 30 tu katika nchi yenye jina lao.

Sasa mtu akiwa asilimia 30 kwake mwenyewe, mjini akiwa wachache zaidi, na shule za Kikazakh Alma-Ata zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, unategemea mwanawe aseme nini? Hakuna aliyechagua Kirusi kwa sababu ya sifa, Kariokor. Mzee wa Podfak, wala haikuwa jeshi. Ni hesabu ya watu.

#9 Jirani wa Köln

Hapo kwa Wajerumani nina la kusema.

Ghorofa ninayokaa hapa Ujerumani ina familia tatu zilizotoka Kazakhstan miaka ya tisini. Ni Wajerumani kwa damu, majina ya Kijerumani. Sensa ya Sovieti ya 1989 ilihesabu Wajerumani zaidi ya laki tisa Kazakhstan, na wengi walihamia huku Sovieti ilipovunjika. Kule waliitwa Wajerumani. Huku wakaitwa Warusi. Yule mzee wa ghorofa ya pili Kijerumani alijifunzia ukubwani. Kirusi ndicho alichobembelezwa nacho, anachoota nacho, anachokipigia hesabu.

Nilimuuliza kama ana kinyongo na lugha hiyo kwa yaliyompata mama yake 1941. Akaniambia mama yake alifundishwa Kirusi na mwanamke wa Kikazakh aliyewapa mkate, na mwanamke huyo naye alikuwa anakijua nusunusu. Mtafananisha hicho na Kiingereza cha Nairobi? Mimi nashindwa.

#10 Bin Malindi, Muscat

Asalaam aleikum. Mnabishania Kirusi, hamjakiangalia Kikazakh. Hapa Muscat nina mfanyakazi mwenzangu Mkazakh, siku moja tukaanza kuhesabu maneno. Kitabu kwao *kitap*. Wakati ni *uaqyt*. Habari ni *khabar*. Dunia ni *dunie*. Sabuni ni *sabyn*. Mwalimu ni *mughalim*. Asante ni *rakhmet*, ambayo ndiyo rehema. Tulikaa mpaka muda wa chakula ukaisha. Na Kirusi chenyewe kina *sunduk*, sanduku hilo, na *chai* ni chai.

Binti, nikuulize: nyama ya farasi ulikula?

#11 Binti Usambara

Wa aleikum salaam. Nilikula. Kuna soseji yake inaitwa kazy, inawekwa juu ya beshbarmak, tambi pana na mchuzi. Kukataa mbele ya apa nisingeweza, na kusema kweli ni tamu.

Asante kwa maneno hayo! Mimi niliyagundua sokoni. Soko la Kijani la Almaty ndilo lililokuwa darasa langu la pili. Akina mama wa Kikorea wana meza yao ya saladi, maarufu ni ya karoti zilizokatwa nyembamba na kukolezwa siki, kitunguu saumu na pilipili. Mmoja alinieleza kwamba wazee wao walipotupwa nyikani hawakupata kabichi ya Kikorea, wakatumia karoti. Leo saladi hiyo iko kila mji wa Sovieti ya zamani, na Korea kwenyewe wengi hawaijui. Pembeni yake Wadungani, Waislamu waliotoka China, wana tambi za laghman. Anayeuza matofaa ni Mkazakh, na jina la mji linatokana na *alma*, tofaa. Matofaa ya mwituni ya milima ile ndiyo babu wa matofaa tunayokula dunia nzima.

#12 Kichuguu

Bin Malindi, kwa madhehebu ya Shafi ya pwani yetu farasi ni halali, Wahanafi ndio wenye kuikataza kwa karaha. Na Wakazakh ni Wahanafi! Mwambie huyo mwenzio atufafanulie.

Halafu Msoma Ramani, hizo herufi za Kirusi wanazoandikia Kikazakh si aliwaletea Tsar, yule mfalme wa Urusi? Maana hapo ndipo ukoloni unapoonekana.

#13 Msoma Ramani

Hapana, Tsar hakuhusika. Kikazakh kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu mpaka 1929, kikahamishiwa Kilatini, halafu 1940, wakati wa Stalin, kikapewa za Kirusi. Mwaka 2017 ikatoka amri ya kurudi Kilatini, na bado mabango mengi ni ya Kirusi. Yaani apa wa Binti akiwa na barua ya bibi yake, huenda hawezi kuisoma. Sisi pia tulihama kutoka herufi za Kiarabu, lakini mara moja tu.

#14 Mwana Lubumbashi

Jambo ndugu. Naandika kwa Kiswahili yenu ya shule ili musinicheke.

Huyo kijana wa Kikazakh alimwambia Binti kwamba Kiswahili haikuletwa na mtawala. Kwenu pwani sawa. Kwetu Katanga si hivyo. Kampuni ya madini wakati wa Wabelgiji ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili ikawa lugha ya kazi, ya kambi, ya kuamrishwa. Babu yangu hakuzaliwa nayo. Baba alizaliwa nayo. Mimi sina ingine. Je, ni ya mkoloni au ni yangu?

Hata Tanganyika, si Wajerumani ndio walitawala kwa kutumia maakida na makarani wa Kiswahili? Na Uganda wengine walikichukia kwa sababu waliisikia kwa askari mwenye bunduki. Basi tusiifanye Kiswahili malaika na Kirusi shetani. Swali la Binti lina jibu moja Dar, lingine Lubumbashi, lingine Kampala.

#15 Mtu wa Kariokor

Mwana Lubumbashi, umenikalisha chini kidogo. Lakini sijabadilisha msimamo. Kiswahili cha kwenu hakina Moscow yake. Hakuna serikali ya Waswahili inayoweza kusema "pale wanapoongea lugha yetu ni petu". Rafiki za Binti wanaishi na jirani mwenye mpaka wa zaidi ya kilomita elfu saba nao. Lugha ni ileile ya jana, lakini baada ya 2022 uzito wake umebadilika.

#16 Binti Usambara

Hilo nililiona kwa macho. Yule mwenzangu wa kubadilishana lugha alinieleza kwamba kabla ya 2022 hakuwahi kujali. Vita vilipoanza, halafu Septemba mwaka ule Warusi wengi wakaingia Almaty kukwepa kuitwa jeshini, akaanza kujifunza Kikazakh upya, akiwa na miaka 19, kwenye kikundi cha mazungumzo kila Jumamosi. Aliona aibu kwa sababu vijana wa vijijini walimcheka lafudhi. Alikuwa ananisaidia kesi sita za Kirusi, yaani namna nomino inavyobadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, nami namsikiliza akisoma Kikazakh kwa sauti. Sote wawili tulikuwa wanafunzi.

Lakini mama mwenyeji wangu hataki kusikia habari hizo. Anasema Kirusi ni chake, ndicho alichotongozwa nacho na mumewe, kwa nini amwachie mtu mwingine? Mji mmoja, majibu mawili, na apa ana lake la tatu.

#17 Mzee wa Podfak

Hapo kwenye "ni chake" nasimama na mama huyo.

Ila nimesoma tena #8 na nakubali kwamba mimi nilikuwa mgeni. Mgeni anaonyeshwa sebule. Njaa ile sikuwahi kusimuliwa na mtu hata mmoja kwa miaka sita, na haikuwa mada ya kuzungumzwa wakati ule.

#18 Ndoto ya Kigoma

Shikamooni wakubwa. Mimi nina swali dogo. Nimepata nafasi ya kwenda Almaty muhula ujao, ila rafiki yangu anasema Kirusi cha kule ni kibovu, nitarudi na lafudhi. Ni kweli?

#19 Binti Usambara

Si kweli, ondoa wasiwasi. Kirusi cha mjini Almaty ni safi na walimu ni wazuri. Maneno ya kienyeji yapo: ofisi ya mji ni *akimat*, mtu mzima mwenye cheo ni *agashka*, sherehe ni *toi*, simu ya mkononi wengi wanaiita *sotka*. Utayajua ndani ya wiki mbili na hayakuharibii kitu. Faida kubwa ni kwamba watu wa kule wamezoea kuongea na mtu ambaye Kirusi si lugha ya mama yake. Wanangoja umalize sentensi. Watoto watakuomba picha, wazee watakuuliza umetoka wapi. Mimi nilijibu kila mara, kwa sababu kila jibu lilikuwa zoezi.

Kitakachokusumbua ni mkazo. Sisi tumezoea mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kirusi unahama na hauandikwi. *Zámok* ni ngome, *zamók* ni kufuli. Mimi nilimwambia mwenye duka *ya pláchu* nikiwa na noti mkononi, naye akatoka nyuma ya meza kuja kunishika bega. Nilitaka kusema *plachú*, nalipa. Nilichosema ni "nalia". Kila neno jipya liandike na alama ya mkazo toka siku ya kwanza.

Na beba koti zito. Novemba moshi wa makaa ya mawe hutanda mjini, kama una pumu jiandae na dawa.

#20 Ndoto ya Kigoma

Asante sana dada. Na ile herufi ы? Nimesikiliza mara mia, nasikia "i" tu.

#21 Mzee wa Podfak

Hiyo nilifundishwa 1983 na mwalimu mwenye kioo mkononi. Sema "u" ya Kiswahili, ndefu. Usiuhamishe ulimi hata kidogo. Sasa vuta midomo pembeni kama unayetabasamu, huku sauti inaendelea. Hiyo ndiyo ы. Fanya mbele ya kioo dakika tano kila asubuhi. Kisha sema *my*, sisi, na *vy*, ninyi.

#22 Ndoto ya Kigoma

Nimejaribu sasa hivi. Imetoka! Mdogo wangu amekuja kuuliza kama naumwa tumbo.

#23 Kichuguu

Mimi pia najaribu hapa. Bin Malindi, majibu ya farasi bado tunangoja.